Woga Ninaowarithisha

Sogeeni, wanangu. Musau, kaa hapa kichwani, na wewe Kamene ushike huu mguu uliovimba, na mtu asinikatize, kwa maana pumzi imebaki kidogo na maneno niko nayo mengi. Haya nitakayowaambia sikuyasikia kwa redio wala kwa majirani. Niliyaona yote mimi Ndolo, kwa macho haya mawili, nikiwa mahali pale pale, na mkisikia mtu wa Kitengela akisema vingine, jueni huyo alikuwa amelala.

Tuanze na mali, ndio matumbo yenu yatulie. Ploti hii na nyumba ni za Musau, lakini chumba cha mama yenu Kathini kisiguswe mpaka atake mwenyewe. Kibanda cha akala pale barabara ya Namanga, pamoja na nyundo na matairi yote ya lori, ni vya Kamene, kwa sababu mkono wake unakata mpira kama wangu, na msiniletee habari ya kwamba mwanamke hatengenezi viatu, watu wa nchi hii wanatembea juu ya kazi yake tangu mwaka juzi na sijasikia aliyechomwa na mwiba. Kile kisu cha mpini wa pembe ni cha jirani yetu Maweu. Nilikiazima kabla Kamene hajazaliwa. Mrudishieni, mumwambie kosa ni lake, hakukiuliza. Mbuzi mgawane bila kelele.

Hiyo ilikuwa mali. Sasa sikilizeni urithi wenyewe, na huu urithi ni mtu.

Saning'o mnamjua. Hata sasa yuko hapo nje, amekaa kwa kile kigogo, mkuki wake ameuegemeza ukutani. Ninyi mmemjua akiwa mzee wa chai na maziwa. Mimi nilimjua akiwa mlevi, na kwa ulevi alikuwa bingwa, kama vile mimi nilivyo bingwa wa akala kutoka Athi River mpaka Namanga. Alikuwa anaanza kunywa Jumatatu kwa mnada wa ng'ombe huko Kajiado, anaamka Jumatano akiwa Illasit, hajui ni gari gani lilimbeba wala ng'ombe amewaacha na nani. Mwaka wa tisini na sita ndugu zake wakampeleka kwenye nyumba ya matibabu. Akakaa huko miezi, akatoka amenona, macho meupe kama ya mtoto.

Hapo ndipo tulipokosea, watu wazima na akili zetu. Tulidhani ulevi unatibiwa kama jino, ukishang'olewa umekwisha. Tukamfanyia karamu. Mbuzi wakachinjwa, na kwa vile ile ni nyumba ya heshima, wazee wakaja na kibuyu cha pombe ya asali wambariki nacho, na kwa desturi yao kibuyu hakimpiti mzee wa rika, kumpita ni kumtukana mbele ya watoto wake. Hakuna aliyemtakia mabaya. Tulimheshimu tu, na heshima ndiyo iliyomwangusha. Nilikuwa nimekaa karibu naye kama nilivyo karibu na Kamene sasa, nikaona akimtazama mkewe Naipanoi, na Naipanoi akatazama chini, kwa maana angesema nini mbele ya wazee wote wale? Akaonja. Mchovya asali hachovyi mara moja, wanangu. Kabla ng'ombe hawajaingia bomani jioni ile, kazi ya miezi yote ilikuwa imemwagika.

Mwaka wa tisini na nane akarudishwa matibabu, na safari hii Naipanoi hakungoja karamu. Mmoja mmoja aliwaendea wazee, boma hata boma, kwa miguu, amebeba maziwa, akawaambia, "Baba zangu, mume wangu akirudi mtambariki na haya maziwa. Anayetaka kuleta ile nyingine, aje pia na jembe la kunizikia watoto." Mzee mmoja akamuuliza, "Tangu lini mwanamke anatufundisha kubariki?" Akajibu, "Tangu nilipoanza kuchunga ng'ombe wa mtu aliyelala." Wazee wakacheka mpaka wakakohoa, wakapokea maziwa. Mimi nilikuwa hapo, nimepeleka akala, msifikiri natunga. Na Saning'o aliporudi alibarikiwa kwa maziwa, akatemewa mate ya baraka kifuani kama mtoto wa jana, na hakuna mbingu iliyoanguka.

Lakini baraka ni ya siku moja, na jua linatua kila siku. Kulikuwa na muuguzi huko Kajiado, mama mmoja anaitwa Akoth, alikuwa akiwakusanya kila Alhamisi watu waliotoka matibabu, nyuma ya kanisa, anawapa chai na kuwauliza wiki imeendaje, bila kuwahubiria. Nilimsindikiza Saning'o mara ya kwanza, yule mama akaniita kando, akaniuliza, "Ni saa gani mbaya kwake?" Nikamwambia ni jioni, jua likiinama, wakati ng'ombe wamerudi, mikono haina kazi, na muziki wa baa ya Nashon umeanza kuita. Akasema, "Basi jioni asiwe peke yake. Hapa anakuja Alhamisi. Hizo siku zingine ni zenu."

Ni zenu. Nilirudi nikifikiria hilo neno. Utamwambiaje mwanaume wa Kimaasai kwamba kila jioni utamlinda kama ndama? Angenipiga na rungu, na angekuwa na haki.

Ndipo simba akatokea. Siku hizo hapa palikuwa wazi, hakuna hizi nyua za mawe, na wanyama walikuwa wakitoka mbugani wakipita kama wageni wanaojua njia. Nilikuwa natoka kibandani, nikafika pale daraja dogo, nikamwona jike, sikio moja limechanika, amekaa kando ya njia kama mama mkwe anayengoja chai. Alinitazama. Nilirudi kinyumenyume mpaka barabarani, akala moja ikabaki huko. Nikamkuta Saning'o, nikamwambia, ndugu yangu, kuanzia leo mimi sipiti pale bila wewe. Akanicheka. "Babu zako waliwinda ndovu, na wewe unakimbia paka?" Nikamwambia, babu zangu wamekufa, mimi nataka kuishi. Akachukua mkuki, akanifikisha kwa mama yenu, akapewa chai, na tulipomaliza kupiga hadithi hamu ilikuwa imempita, akaenda kwake kulala.

Kesho yake hivyo hivyo. Na kesho kutwa. Mvua ikinyesha, jua likiwaka, jioni ikifika anasimama mlangoni mwa kibanda na mkuki wake, anasema, "Mwoga, funga, twende." Musau, najua ulirudi kutoka shule ukilia kwamba wanakuita mtoto wa mwoga. Najua pia uliacha kunisalimia barabarani mbele ya wenzako. Nilinyamaza, mimi ambaye hata nikiwa nimelala sinyamazi.

Halafu kikaja kile kiangazi cha mwaka wa elfu mbili, kilichomaliza ng'ombe. Saning'o alikuwa amewapeleka upande wa Kimana kutafuta majani, akarudi na fimbo tu. Jioni hiyo hakusimama mlangoni kwangu. Alinipita bila salamu, akaingia kwa veranda ya Nashon, akavuta kiti, chupa ikafunguliwa mbele yake. Ningefanya nini? Kumhubiria mtu aliyefiwa na ng'ombe ni kumpaka chumvi kwa kidonda. Nikasimama katikati ya barabara, watu wote wakiona, nikasema kwa sauti, "Saning'o, jua linakwenda. Naogopa."

Baa yote ikacheka. Nashon akasema, "Mwache mwanaume anywe, Ndolo. Ukiogopa, mwite mama yako."

"Mama yuko mbali," nikasema. "Saning'o yuko karibu."

Aliitazama ile chupa. Kisha akaniambia, "Olchore lai," yaani rafiki yangu, "leo simba amenila mimi."

"Basi ameshiba nusu. Nusu iliyobaki ni mimi, nisindikize."

Akainuka. Wanangu, nimeona wanaume wakiinua magunia na wakiinua lori lililokwama, lakini sijaona kitu kizito kikiinuliwa kama Saning'o alivyojiinua kwenye kile kiti. Tulipofika darajani akaketi, akawalia ng'ombe wake kwa majina, mmoja baada ya mwingine, mpaka ndama wa mwisho, nami nikaketi naye mpaka akamaliza. Watu huwasifu waliomtibu, na wasifiwe, walifanya kazi yao. Mimi namsifu yeye aliyeinuka, na namsifu Naipanoi aliyetembea na maziwa, na yule Akoth na chai yake ya Alhamisi, kwa maana mkono mmoja hauchinji ng'ombe.

Tangu siku hiyo hajaguswa na tone. Na si yeye peke yake, maana alianza kuja na wengine waliotoka matibabu, wa hapa na wa Kajiado, akiwaambia kuna Mkamba mwoga sana anahitaji walinzi. Kuna mwaka nilikuwa nasindikizwa na wanaume watano. Simba wa kweli angekufa kwa kelele zetu.

Nipe maji, Kamene. Kidogo tu.

Sasa shikeni haya. Nikifa kutakuwa na matanga, watu watakuja kunililia, na mnajua wengine wanalilia nini. Tone la pombe lisiingie kwa boma hili, hata lile linalofichwa nyuma ya gari. Atakayeuliza, mwambieni marehemu alikuwa mchoyo. Nashon nimemsamehe, aje, ale, lakini mikono mitupu. Saning'o msimwache akae na huzuni bila kazi. Ndiye atakayetangulia mbele ya jeneza na mkuki wake, na kibuyu cha maziwa kianzie kwake. Na yakiisha matanga, watu wakishaenda makwao, hapo ndipo pabaya zaidi, kwa maana jioni itafika na mlango wa kibanda hauna mtu.

Musau. Huo ndio urithi wako mkubwa. Najua simba wameisha, kumejaa maploti. Tafuta simba wako. Ogopa mbwa, ogopa wezi, ogopa giza, mradi jua likiinama umwambie Saning'o, baba, naomba unisindikize, na wenzako wakicheka, waache wacheke. Kamene, chai iwe tayari.

Inameni niwabariki. Mate yamekauka... weka maziwa hapa mdomoni. Haya. Mzae, mkae pamoja, mguu wenu usikose njia, mlango wenu usikose mgeni.

Jua limefika dirishani, naliona. Toka nje sasa, Musau, mwambie... mwambie unaogopa.

Na lile jike la sikio lililochanika. Mengine yote niliyaona. Hilo... hilo halikuwepo. Nililitunga njiani nikitoka Kajiado. Lakini kesho yake asubuhi nilimwona Saning'o pale darajani, ameinama, anatafuta nyayo kwa mchanga, huku na huku, na Mmaasai akikosa nyayo anajua hazikuwepo. Jioni alikuja. Mkuki alikuwa ameunoa.