Mke Mpya wa Bawa la Chuma

Jumapili ile baada ya ibada, kijiwe cha Nyakato, mbele ya banda la fundi baiskeli, hakikuwa na mizaha ya kawaida. Kahawa ilikuwa jikoni, benchi limejaa, lakini wanaume watatu walikaa kama waliotoka kuzika. Msimu wa tatu wa Bawa la Chuma, tamthilia ya yule jamaa anayeruka juu ya maghorofa kuokoa watu, ulikuwa umeanza jana yake. Mke wa shujaa alikuwa yuleyule, Sabira. Mwigizaji ndiye aliyebadilishwa, bila neno la maelezo. Aliyeumia kuliko wote ni Nestory, mchomeleaji wa mageti.

— Mlango unafunguliwa, alisema Nestory, anatoka mwanamke simjui. Jamaa anakunja mabawa, anamwambia, "Nimerudi, mke wangu." Hata hashtuki! Na mtoto naye mbio, "Mama! Mama!" Nikazima runinga.

Mwenye banda alikuwa Chenge, waliyemwita Spana. Alifuta mikono kwa kitambaa chenye grisi.

— Yule wa zamani kagombana na wakubwa wake. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Yeye kishakauka, hakunjiki.

— Ushahidi hautoshi, alisema Machibya, aliyeitwa Wakili tangu siku alipotoa ushahidi mahakama ya mwanzo. Mimi nasema hajaondoka. Ni yuleyule, kafanyiwa upasuaji wa sura.

— Na urefu? aliuliza Spana. Huyu mpya ni mrefu.

— Urefu unavutwa. Siku hizi kuna mashine.

— Basi mimi nakwambia kafa, alisema Spana. Kafa kweli, wanatuficha tusilie. Kimya kingi kina mshindo mkuu: kazikwa na matarumbeta!

Nestory alikitua kikombe chini. Spana akang'amua alichosema, akainamisha kichwa.

Modesta, mke wa Nestory, alifariki miaka miwili iliyopita. Misimu yote miwili ya kwanza waliitazama pamoja, Modesta akiipigia runinga kelele: "Geuka nyuma, we baba, unachomwa!" Mwaka jana Nestory alimwoa Winnie, mwanamke mtaratibu, na Dorcas, binti wa Modesta wa miaka sita, akaanza kumwita mama. Dada yake Nestory alimshauri jina la marehemu lisitajwetajwe, mtoto apate kuzoea. Nestory akatii. Tangu siku ya harusi hakulitamka tena, hata akiwa peke yake.

— Nisamehe, ndugu yangu, alisema Spana. Ulimi hauna mfupa.

— Si wewe. Ni hao. Wangesema tu kwamba alikuwepo, sasa hayupo. Ni kazi hiyo?

Pembeni, juu ya ndoo iliyofunikwa, alikaa mama mmoja wa Buhongwa, Odeta, akisubiri pancha yake izibwe. Alikuwa amesikiliza yote.

— Baba zangu, mimi runinga sina. Huyo wa kwanza aliitwa nani?

— Sabira, alijibu Wakili upesi.

— Hilo si la kwenye hadithi? Nauliza lake mwenyewe, alilopewa na wazazi wake.

Wakili alimgeukia Spana. Spana alimtazama Nestory. Misimu miwili walikuwa wamemlilia mwanamke yule, wamemcheka, wamemtetea kwa ngumi mezani. Hakuna aliyelijua jina lake.

Nestory aliinuka, hakuaga.

Nyumbani alimkuta Winnie anachagua mchele, Dorcas kakaa miguuni pake akichora kwenye daftari. Nestory alichuchumaa mbele ya mtoto.

— Dorcas, mama yako aliyekuzaa... aliitwa Modesta.

— Najua, alisema mtoto, bila kuacha kuchora.

— Nani kakwambia?

— Mama. Tunamwombea kila jioni, wewe ukiwa kijiweni.

Nestory alimtazama mkewe. Winnie aliendelea kuchagua mchele, uso chini.

— Niliona wewe huwezi, alisema taratibu. Nikasema nisubiri.

Nestory akakaa chini palepale sakafuni, kati yao, akalia kwa mara ya kwanza mbele ya watu wa nyumbani kwake.