Fundi Aliyekikata Kitini cha Saba

Ndugu, majirani na wote mliokuja kutushika mkono, huyu tunayemlaza leo mtaa mzima ulimwita Fundi, na kwa jina hilohilo ataitwa hapa. Wasifu wake umeandikwa na unasomwa na wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, ambaye nyinyi mnamwita Mwalimu kwa sababu anafundisha kompyuta chuoni. Mumewe Fundi alimkabidhi kazi hii kwa maneno machache: "Andika wewe, dada. Wewe ndiye uliyesoma." Mwalimu aliyameza maneno hayo kama dawa chungu, maana kwa miaka kumi na mitatu swali kubwa katika familia hii limekuwa ni alisoma ili iweje.

Fundi alizaliwa alfajiri ya tarehe 9 Septemba 1978, mtoto wa nne kati ya saba wa mama mpishi wa shule ya bweni na baba mchoma matofali. Marehemu mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alichelewa kusema lakini aliwahi kufungua vitu. Alifungua kufuli, akafungua redio, akafungua saa ya mkononi ya baba yake. Vyote alivirudisha kama vilivyokuwa, isipokuwa saa, na kwa kosa hilo alichapwa.

Alianza shule ya msingi Januari 1986 na kumaliza mwaka 1992. Sekondari alisoma miaka miwili tu, akaacha mwaka 1994 baba yake alipoanguka tanurini na kuvunjika nyonga. Kuanzia hapo alikaa kwa shangazi yake miaka mitatu akijifunza cherehani. Cheti hakupewa, kwa sababu shangazi alisema cheti chake ni suruali atakazoshona. Miaka hiyohiyo Mwalimu alikuwa chuo kikuu, akisomea kompyuta kwa miaka minne mizima, na picha yake ya mahafali ilitundikwa sebuleni kwa mama yake juu ya televisheni. Iko hapo hadi leo. Inastahili kutajwa, kwa kuwa hakuna mwingine atakayeitaja.

Tarehe 21 Juni 2003 Fundi aliolewa na mdogo wake Mwalimu, dereva wa basi la shule. Walijaliwa watoto wawili, binti na mvulana. Nyumba yao ilikuwa ya vyumba vitatu nyuma ya kituo cha mafuta, na chumba cha mbele ndicho kilichokuwa cha kushonea: vyerehani viwili, meza ndefu, pasi nzito, na kiti kimoja cha wateja ambacho hakikukaa bure. Mama mkwe alimpenda tangu siku ya kwanza. Alimpenda waziwazi, kwa mdomo mpana, na bila kuangalia nani yuko chumbani.

Sasa tumefika kwenye elimu yake ya kompyuta, na hapa ndipo familia ilipobishana. Karatasi ya kwanza ya ratiba ya mazishi iliandikwa kwamba marehemu "alijifunza mwenyewe." Mwalimu aliifuta sentensi hiyo kwa kalamu. Mdogo wake akamuuliza kwa sauti ya chini kama hata leo bado ana gere. Swali lilikuwa la haki, kwa hiyo litajibiwa mbele yenu.

Mwaka 2009 Mwalimu alihama nyumba, akampelekea Fundi maboksi matatu ya vitini vyake vya chuo kikuu. Hakumpelekea avisome. Mshonaji huchora kola na mifuko kwenye karatasi kabla ya kutia mkasi kwenye kitambaa, na karatasi za vitini vile zilikuwa nzuri. Ndani ya boksi la tatu alitupia na kompyuta yake kuukuu iliyokuwa haiwaki bila kuchomekwa ukutani. Fundi alianza na kitini cha saba kwa kuwa karatasi yake ilikuwa nene kuliko zote, akakikata chote kuwa kola za mashati ya shule. Wiki iliyofuata mvua ilinyesha, wateja hawakuja, akashika kitini cha kwanza na mkasi mkononi. Akasoma ukurasa mmoja. Mkasi akauweka chini.

Baada ya miezi sita alikuwa anaandika programu. Mama yake Mwalimu ndiye aliyepeleka habari chuoni, kwa simu, Mwalimu akiwa mbele ya darasa.

"Hivi wewe," alimwuliza, "miaka minne ile ulikuwa unafanya nini huko?"

"Mama, niko darasani."

"Ndiyo hapo nashangaa. Mwenzio hajaingia darasani hata siku moja."

Mwalimu alikata simu akaendelea kufundisha, lakini roho ilimuuma hadi akaandika tarehe isiyo ya siku ile ubaoni. Tusifichane kitu: ulikuwa wivu. Haukuwa wasiwasi wa kitaalamu, wala mashaka juu ya ubora, ingawa majina hayo yote Mwalimu aliyatumia alipoulizwa.

Wakati huo Fundi alikuwa anashona mapazia ya kituo cha afya cha mtaani kwetu. Aliona kila siku jinsi karani wa pale alivyohangaika kutafuta kadi za wagonjwa kwenye makabati, huku kina mama wakisubiri na watoto migongoni. Akaandika programu ya kutafuta kadi. Tarehe 7 Mei 2010, siku ya Ijumaa, alimwomba wifi yake aje kuitazama. Mwalimu alikwenda, na alikwenda akiomba akute takataka.

Programu ilifanya kazi. Karani aliandika jina la mgonjwa, na skrini ikasema kabati gani na droo gani. Ndipo Mwalimu akaomba kuona ilivyoandikwa, akaona kitu ambacho hajawahi kukiona. Kadi zilikuwa mia nne na kumi na mbili, na Fundi alikuwa ameandika mistari mitatu kwa kila kadi, mmoja mmoja, kwa mkono wake. Kama jina ni la huyu, onyesha hapa. Kama ni la yule, onyesha pale. Zaidi ya mistari elfu moja na mia mbili. Katika kazi hii ipo amri iitwayo kitanzi, ambayo huiambia kompyuta irudie jambo lilelile mpaka iambiwe basi. Mwanafunzi wa mwezi wa kwanza anaijua. Ilifundishwa kwenye kitini cha saba.

Mwalimu alielewa palepale. Sentensi moja ilitosha kumsaidia mwenzake. Badala yake alisema, "Inafanya kazi, wifi. Umefanya vizuri sana. Endelea hivyohivyo."

Akatoka nje akiwa mwepesi, akanunua chungwa, akalila akitembea. Hajawahi kula chungwa tamu kama lile.

Kwa miezi kumi na minne, kila Ijumaa, Fundi alifunga cherehani saa nane mchana na kwenda kituoni kuongeza mistari ya wagonjwa wapya. Mwalimu alijua, na alikaa kimya. Mwanzoni kimya hicho kilimpa raha. Baadaye kilimpa kiungulia. Tarehe 8 Julai 2011 mwanachuo wake Mwalimu, aliyetumwa kituoni kwa mafunzo ya vitendo, aliona skrini akashtuka: "Mama, mbona unarudia? Tumia kitanzi." Mistari zaidi ya elfu tatu ikawa thelathini na minane kabla ya chai ya saa kumi.

Msidhani Fundi alipata hasara. Huko kuandika jina la kila mgonjwa kulimfanya awajue wote. Alijua wanawake wawili wenye majina yaleyale na damu za makundi tofauti, na mwaka 2012 alimzuia muuguzi mlangoni mwa chumba cha kujifungulia kabla mmoja wao hajawekewa damu ya mwenzake. Yule mama yuko hapa leo. Yaani hata ubaya aliofanyiwa ulimgeukia sifa, na Mwalimu akapata jambo jingine la kumwonea wivu.

Tarehe 1 Machi 2013 Fundi aliajiriwa rasmi na kituo cha afya. Barua yake ya ajira inasema "mshonaji," kwa kuwa hakuwa na cheti cha kitu kingine, na hakuna aliyeibadilisha hadi anafariki, ingawa programu zake zilitumika katika vituo sita. Mwalimu aliiona barua ile na kusema sheria ni sheria. Shahada ina kazi yake, na Mwalimu bado anaamini hivyo. Lakini siku ile hakuwa anatetea shahada.

Kuanzia mwaka 2014, kila Jumamosi asubuhi, Fundi alifundisha watu programu katika chumba chake cha kushonea. Wengi walikuwa wanafunzi wa chuoni kwa Mwalimu, waliokuwa wakisinzia kwake na kuamka kwa wifi yake. Jumamosi moja Mwalimu alishindwa kuvumilia, akaenda, akasimama nje ya dirisha akijifanya anaongea na simu. Fundi alikuwa amewapa kazi ya kuandika jambo moja mara hamsini. Walilalamika, akawaacha walalamike. Vidole vilipowauma ndipo akawaonyesha kitanzi, na darasa zima likapiga kelele kama watu walioona bao.

"Fundi, nani alikufundisha kufundisha hivi?" mmoja aliuliza.

"Wifi yangu," alijibu, akaendelea.

Mwalimu alilichukua jibu hilo kama kijembe. Aliondoka akihema, na kwa miaka tisa alikibeba hicho kijembe kifuani, akikitoa na kukitazama kila alipokosa usingizi. Yaani anajua? Tangu lini? Mbona hasemi?

Mwezi Februari 2022 Fundi aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo. Alisafishwa damu hospitalini mara mbili kwa wiki, Jumatatu akisindikizwa na mumewe, na Alhamisi na Mwalimu, ambaye hana vipindi siku hiyo. Saa nne nzima kila Alhamisi, wanawake wawili na mashine moja. Waliongea juu ya watoto, juu ya mama, juu ya nesi aliyevaa viatu vinavyolia. Mwezi Agosti mwaka huu Mwalimu alipiga moyo konde.

"Wifi, ile Ijumaa uliyonionyesha programu ya kadi. Nilikuwa nakijua kitanzi."

"Najua."

"Umejua lini?"

"Siku ileile. Sikujua ni nini, ila nilijua kipo. Hujawahi kunisifu, wifi, tangu niolewe. Ukanisifu, ukatoka nje unaimba."

"Sasa mbona hukuniuliza?"

Fundi alicheka mpaka nesi akaja kuangalia mirija. "Nikuulize wewe? Nisimame mbele yako niseme sijui? Na ile picha yako pale kwa mama inaniangalia? Heri vidole vikatike." Akajifuta machozi ya kicheko. "Nilikuwa nakuonea wivu, wifi. Sio vitabu. Vitabu ulinipa. Nyinyi mliosoma mlikuwa na mahali pa kusema sijui, na mtu kazi yake ni kukujibu. Mimi nikisema sijui, wanasema ndiyo maana hakusoma."

Akamwomba jambo moja. "Siku ukiniandika, usiandike nilijifunza mwenyewe. Wale watoto wa Jumamosi watavimba kichwa, waache kuuliza."

Ndiyo sababu ile sentensi ilifutwa. Wala Mwalimu hawezi kuandika kwamba yeye ndiye aliyemfundisha, maana hakumfundisha. Mmoja alijua akanyamaza, mwingine hakujua akanyamaza, na miezi kumi na minne ikapita hivyo. Huo ndio ukweli wa elimu yake, na wifi yake anaona aibu kuusoma, na anausoma.

Fundi alifariki Alhamisi tarehe 12 Oktoba 2023, saa sita na robo mchana, katika wodi namba tatu, mumewe akiwa upande mmoja wa kitanda na Mwalimu upande wa pili. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitano.

Ameacha mume; binti anayesomea uuguzi na mvulana wa kidato cha tatu; ndugu watano walio hai; mama mkwe ambaye tangu Alhamisi hajala chochote cha maana; na wifi mmoja.

Ameacha pia wanafunzi kumi na tisa. Juzi Jumamosi walikuja kama kawaida, kwa kuwa hawakujua waende wapi, na Mwalimu aliwafungulia mlango. Mmoja wao alifungua programu ya kituo cha afya, akaonyesha mstari fulani, akauliza kwa nini Fundi aliuandika vile. Mwalimu aliutazama. Aliutazama tena. Katika miaka ishirini na miwili ya kufundisha hajawahi kukosa jibu mbele ya darasa, au tuseme hajawahi kukubali.

"Sijui," alisema. "Subirini, nimuulize wifi."

Akageuka kumwita.

Pumzika, Fundi. Mungu akupe amani yake, na sisi atupe subira.