Chaki, Mchoraji Aliyetaka Kutahiniwa Akiwa Hai

Ndugu wafiwa, majirani, walimu na wanafunzi mliofika asubuhi hii, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya mdogo wangu wa kike, ambaye nyote mlimwita Chaki naye akaitika, na kwa kuwa mimi ndiye kaka yake mkubwa na haya nimeyaandika kwa mkono wangu, nitayasema kama yalivyokuwa, sitampaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, awe marehemu au aliye hai.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1979, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa kitinda mimba wa mama yetu, aliyeketi hapa mbele, na wa marehemu baba yetu, aliyekuwa fundi wa kuchomea vyuma, na jina la Chaki alilipata kabla hajatembea vizuri, kwa sababu baba hakukosa chaki ya kupimia mabati mfukoni, na mtoto akiipata anachora sakafu, anachora mlango, anachora viatu vya wageni, hata shangazi yetu akawa anaingia ndani ameshika viatu vyake mkononi akisema, "Mwondoeni kwanza huyo Chaki wenu, mimi nina safari."

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1986 hadi 1992 na sekondari kuanzia 1993 hadi 1996, hesabu ikamkataa naye akaikataa, na Januari 1997 akaja kwangu kwenye kibanda cha kuandika mabango, kazi ambayo mimi sikufundishwa na mtu, niliiiba kwa macho kutoka kwenye kuta za maduka, nami nikamfundisha kuvuta uzi, kupima herufi, kukoroga rangi isiyopauka juani, na kutundika bango juu, kwa maana bango lisiloonekana kutoka ng'ambo ya barabara ni bati tu. Alikaa nami mpaka 2003, akaenda kusomea ualimu, na kuanzia Januari 2005 alifundisha sanaa katika shule ya sekondari ya kutwa, ambako aliendelea hadi ugonjwa ulipomzuia, na shahada yake ya kwanza aliisoma jioni baada ya vipindi, akaimaliza Novemba 2015.

Tarehe 18 Desemba 2004 alifunga ndoa na shemeji yangu, fundi wa majokofu, mtu mpole ambaye sijui alivumiliaje ukoo wetu, wakajaliwa binti mwaka 2006 na mwana mwaka 2010, wote wako hapa.

Septemba 2021, akiwa na miaka arobaini na miwili, alikubaliwa chuo kikuu kusomea shahada ya uzamili ya sanaa za uchoraji kwa njia ya vitendo, na mimi sikuona maana yake, nikamwambia mbele ya mumewe, "Tangu lini samaki akaenda shule ya kuogelea?" naye akanijibu bila kuinua kichwa, "Kuogelea najua, kaka, nataka kujua maji haya yananipeleka wapi."

Kwa wasioijua elimu ile, kila mwanafunzi hupewa kona yake katika karakana ndefu yenye madirisha ya juu, na kila Alhamisi mmoja wao hutundika kazi ukutani, kisha hukaa na kufunga mdomo huku wenzake na mwalimu wakiijadili, wakiisifu au wakiichana, wala haruhusiwi kujitetea, kwa sababu wanasema picha ikishatoka mkononi mwako inakwenda peke yake, hutaifuata nyumba kwa nyumba kuielezea. Alhamisi yake ya kwanza alipeleka sura ya mama yetu, imefanana naye mpaka mkunjo wa shavu, na kijana anayeweza kuwa mwanawe akasema, "Hili ni bango zuri, dukani lingeuza," msimamizi wake akaongeza kuuliza, "Picha hii imeshajua kila kitu, sasa mtazamaji afanye nini?" naye akanyamaza kama sheria ilivyotaka, akatoka, akaja kwenye kibanda changu, akapiga teke kopo la rangi likamwagika mpaka barabarani, hasira hiyo ni ya kwetu, hatukuiazima, na Alhamisi iliyofuata akarudi.

Akaacha turubai, akaanza kuchora juu ya mabati ya mabango ya zamani aliyoyachukua kwangu, akiyapiga msasa ili maandishi ya kale yaonekane kwa mbali chini ya sura za watu, na wenzake wakamwita Mama Mabati, mwanzoni kwa kumcheka, baadaye kwa kumheshimu, na mimi niliyekuwa nikimdhihaki nikajikuta nasimama mbele ya bati nililoliandika mwenyewe na silitambui.

Februari 2023 miguu ilianza kumvimba, hospitali ya rufaa ikagundua kuwa figo zake zimechoka, akawa anapelekwa kwenye mashine ya kusafisha damu kila wiki, na katika ushoroba wa kitengo hicho kuna benchi refu ambapo wagonjwa hungoja zamu zao, wengine wamelala, wengine wanabishana mpira, wengine wanatazama mlango tu, naye akawaomba ruhusa, akaanza kuwachora, na huko ndiko ilikotoka kazi yake ya mwisho, safu ya mabati ya watu walioketi, wakubwa kama walivyo, aliyoipa jina la Zamu.

Sheria ya idara ni kwamba mwanafunzi wa uzamili hupanga maonyesho yake mwenyewe ukumbini, na hutahiniwa akiwepo, mbele ya kazi zake, na mtahini wa nje huja mara moja tu kwa mwaka, Novemba, lakini Oktoba daktari alituambia moyo nao umeanza kulemewa, asitoke wodini, na mkuu wa idara kwa uungwana akakubali kuahirisha kwa mwaka mmoja. Hapo nyumba ikagawanyika, shemeji akataka tuahirishe, shangazi akasema cheti hakitibu, mimi nikamfokea shemeji ushorobani mpaka muuguzi akatutoa nje wote wawili kama watoto, na mama peke yake ndiye aliyesema tumuulize mwenyewe, naye akatujibu kwa pumzi fupi, "Huo mwaka mnaonipa hamnao, hata daktari hana, mimi nataka wanipime nikiwepo."

Basi hatukuahirisha, na tarehe 13 Novemba tulimpeleka ukumbini kwa kiti cha magurudumu, akaweka alama za penseli ukutani kwa mkono wake, fundi wa ukumbi akapigilia misumari, na fundi alipoona alama ziko chini, usawa wa kiuno, akamuuliza kwa adabu, "Mama, hujakosea kipimo kweli?" Chaki akaagiza benchi refu liwekwe katikati, akatuambia watu wale wanaonekana na aliyeketi, aliyesimama hawaoni, anawapita tu, kama tunavyowapita sote pale hospitali, kisha akatuapisha mimi na fundi tusiseme neno mbele ya watahini, kwa sababu nusu saa ya kwanza ni yao, na mwenye kazi na watu wake hukaa kimya.

Alhamisi tarehe 16 Novemba 2023 waliingia watahini watatu, msimamizi wake akasimama pembeni, mimi nikaruhusiwa kwa sababu tu nilikuwa nasukuma kiti, na wakaanza kuzunguka wamesimama, wanainama, wanainuka wakishika viuno, mtahini wa nje, mama mmoja mwenye sauti kavu, akaweka mkoba wake juu ya benchi na kulifanya meza, kisha akawaambia wenzake, nasi tunasikia, "Mkono ni mzuri, lakini zimetundikwa kama za mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, hili ni kosa la kipimo." Jibu lilikuwa hapa kwenye ulimi, fundi wa ukumbi ananitazama, msimamizi anatazama sakafu, na Chaki akanishika kifundo cha mkono, vidole vyake baridi kama bomba la maji, hakuniachia mpaka muda wao ukaisha, nao hawakuwa wameketi.

Alipopewa nafasi ya kujitetea pumzi ilikuwa imemwisha, maelezo aliyoyaandaa yakamshinda, akasema maneno mawili tu, "Naomba mkae." Mtahini wa nje akamjibu kwamba wako sawa hivyo hivyo, wasije wakamchosha, naye akarudia, "Naomba mkae, mama," na yule mama akauondoa mkoba, akaketi, wenzake wakaketi, na ghafla walikuwa katika foleni, bega kwa bega na watu wa bati, macho kwa macho, yule mzee wa kofia, yule dada anayefuma, yule mwalimu mwenzake Chaki aliyefariki kabla picha yake haijakauka, na chini ya ngozi zao maneno ya mabango yangu ya zamani, Karibu, Tumefungua, Mteja Kwanza. Kisha mtahini wa nje akauliza, kwa sauti nyingine kabisa, "Na wewe uko wapi hapa?" Chaki akamwambia, "Mmekalia nafasi yangu."

Kazi za ukutani zilipita siku hiyo hiyo, lakini maandishi yake, yale maelezo ya kazi ambayo kila mwanafunzi huyatoa pamoja na picha, hayakupita, na nitasema na hilo, kwa sababu walikuwa na haki, aliyaandika kwa maneno ya kuazima ya vitabuni, na yule mama akamwambia, "Kwenye bati unasema, kwenye karatasi unanong'ona kwa sauti za watu wengine, nenda kaandike upya," wakampa hadi katikati ya Februari.

Alirudishwa wodini akayaandika upya kwa kinywa, binti yake akichapa, shemeji akimsomea, naye akikatakata, "Futa hilo, hilo si langu," na yalikuwa yamebaki maelezo ya mwisho, kurasa kama tatu, ya kwa nini kazi zilitundikwa chini, aliyosema atayatamka Jumatatu akipata nguvu, lakini Jumapili tarehe 28 Januari 2024, saa nne asubuhi, moyo ulisimama, shemeji akiwa amemshika mkono.

Sasa naomba mnivumilie, maana wengine hapa wamenipa kisogo tangu juzi na sababu yake ni bora isikike hadharani kuliko vichochoroni. Katika kikao cha familia shangazi yangu, ambaye namheshimu na yuko hapa, aliniambia, "Wewe ulikuwepo, ulimsikia kwa masikio yako, andika hizo kurasa tatu mtoto wetu apate shahada yake, nani atajua?" na wengi wakamwunga mkono, nami nikakataa, nakataa na leo, si kwa kuwa siyajui maneno yale, nayajua, ila dada yangu alikaa kimya kila Alhamisi ili kazi yake ipimwe kama ilivyo, akatoka kitandani ili apimwe akiwa hai, siwezi kumtilia maneno kinywani akiwa hawezi kuyafuta. Shemeji amepeleka chuoni yale aliyoyasema Chaki mwenyewe, na pale alipoishia pameachwa wazi. Mkuu wa idara yuko nasi, na asubuhi hii ametuambia kwamba bodi ya chuo itakaa Jumanne tarehe 6 Februari, kwamba haijawahi kupata jambo kama hili, na kwamba hawezi kutuahidi kitu, nami nimemshukuru kwa kutotudanganya siku ya msiba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, hasa yule muuguzi aliyetufukuza, alifanya vizuri, inawashukuru majirani waliobeba maji na viti bila kuitwa, walimu wenzake na wanafunzi wake, msimamizi wake aliyekuja wodini na chupa ya uji kila Jumamosi, fundi wa ukumbi aliyetunza kiapo, na kwa namna ya pekee ninyi mlioketi naye kwenye benchi lile, mliokuja leo na kesho ni siku yenu ya mashine, Mungu awape nguvu. Ukumbi utabaki wazi mpaka bodi ikae, anayetaka kwenda na aende.

Kibao cha kaburi nimekiandika mimi, jina lake kamili, tarehe zake mbili, na maneno mwalimu na mchoraji, hayo yalikuwa yake tayari, ya shahada sikuandika kwa sababu hajapewa, nimeacha nafasi ya mstari mmoja, na ikiwa bodi itasema ndiyo nitakuja na brashi siku hiyo hiyo, ikisema hapana mstari utabaki hivyo hivyo na hakuna atakayeujaza.

Pumzika, mdogo wangu, kungoja tuachie sisi.