Mazuti Yazimwe Leo

Sikilizeni wanangu, Rifaat na Najati, na wewe Rifaat usinikatize, pumzi niliyobaki nayo si ya kubishana. Tanuri la matofali nawaachia, lakini mlipokee pamoja na aibu yake.

Serikali ilipotuambia tuache mafuta mazito ya mazuti tuchome kwa gesi, eti moshi wetu unaichemsha dunia, wenye matanuri wote wa upande huu wa mfereji tulikutana kwa Haji Dardiri, jirani yangu, tukasoma Fatiha kufunga ahadi kwamba tutabadilisha pamoja, asiwepo wa kuuza rahisi kwa kuchafua. Tukabadilisha. Haukupita mwaka, gesi ikapandishwa bei, na kile kiwanda kikubwa cha saruji kikapewa ruhusa ya kuchoma makaa ya mawe. Roho iliniuma! Nikajiambia, basi hata mimi. Siku ya mkaguzi nawasha gesi, akishapanda gari lake narudisha mazuti. Wanunuzi wa Damieta wakanifuata mimi, Dardiri akabaki anakunywa chai peke yake mbele ya tanuri lililopoa, mpaka akafunga. Aliniuliza mara moja tu, "Bayumi, ndugu yangu, bei hiyo unaiwezaje?" Nikamjibu, "Baraka tu, Haji." Mungu anisamehe jibu lile.

Sasa shamba la mpunga la mama yenu limeingia chumvi ya bahari inayopanda, na kifua changu kimejaa masizi. Sisemi ni moshi wangu peke yake. Ila na wangu umo.

Basi fanyeni hivi. Mazuti yazimwe leo, kabla sijazikwa, Rifaat ukayazime wewe, tanuri lirudi kwenye gesi. Nusu ya tanuri apewe Dardiri, na mumwambie kwa nini, msimung'unye maneno. Lori na kiwanja cha kando ya reli viuzwe, wachomaji walipwe mpaka wateja wazoee bei mpya. Asifukuzwe mtu kwa ajili ya toba yangu. Najati, serikalini uende wewe, uwaulize habari ya ile saruji, na usitoke mpaka wakujibu. Watakuchukia. Acha wakuchukie.

Nipe maji, Najati binti yangu... basi, yatosha. Nimewaridhia nyote wawili, Mungu awape riziki isiyo na... isiyo na kificho. Najati, chungulia dirishani. Bomba la tanuri bado linatoa moshi mweusi?

Rifaat. Mbona bado umekaa?