Nimetuma Tu

Mwanafunzi wa sheria ya mawasiliano alikuwa basini akirudi nyumbani, mama aliyeketi kando yake alipomwonyesha kwenye simu picha ya mwanamume aliyembeba mtoto. "Mwanangu, mwangalie vizuri huyu. Anaiba watoto. Nimeshawatumia watu wote wa mtaani."

Msichana akaisogeza simu karibu na macho. "Mama, huyu ni baba yangu. Huyo mtoto aliyembeba ni mdogo wangu."

"Makubwa haya. Lakini mimi sikuandika, nimetuma tu."

"Kisheria, anayesambaza uongo naye ana kosa." Darasani alilijibu swali la namna hiyo bila kusita, sasa lilimhusu baba yake.

"Basi nafuta."

"Kwako utafuta. Kwa hao uliowatumia je?"

Basi likasimama. Kituoni, baba alikuwa akimsubiri binti yake, na watu walishaanza kumzunguka, simu mikononi.