Sentensi Aliyochelewa Kuisema Mwalimu wa Tamathali

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kumsindikiza Mwalimu, asanteni kwa kuja. Mjane wake ametukabidhi kazi ya kusimulia maisha yake kwa sharti moja tu: "Semeni yaliyotokea. Mapambo aliyapamba mwenyewe, yanatosha." Anayewasomea ni mdogo wake wa mwisho, na nyumba yetu tangu zamani inajulikana kwa midomo, kwa hiyo tukiteleza mtuvumilie.

Mwalimu alizaliwa tarehe 9 Juni 1949, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa pili kati ya watano. Baba yetu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa maneno machache kwa sababu karakana ilikuwa imemziba masikio. Mama yetu alikuwa na maneno ya watu wawili. Wote wametangulia mbele ya haki. Mama alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alichelewa kusema mpaka majirani wakaanza kunong'ona, na siku aliyoanza, hakunyamaza tena.

Alianza shule ya msingi Januari 1957. Alipofika darasa la nne alikuja mwalimu mpya wa Kiingereza, mama mmoja mpole, siku hiyo ana mafua na sauti imekwama. Akawaambia watoto kwa Kiingereza kwamba ana chura kooni, kama wenye lugha yao wanavyosema sauti ikikauka. Kaka yetu alikuwa anajua neno chura na neno koo, na alijivunia kuyajua yote mawili. Alitoka mbio mpaka ofisini, akaupiga mlango kwa ngumi, akasema mwalimu amemeza chura, aletewe maji ya chumvi amtapike upesi. Mwalimu mkuu naye hakuuliza, akatoka mbio na kikombe mkononi. Shule nzima ilivunjika mbavu. Tangu siku ile akaitwa Chura, na wapo wazee waliokaa nyuma hapo ambao mpaka mwezi uliopita walikuwa wakimwita hivyo hivyo.

Alicheka pamoja nao, lakini jambo lile lilimwingia. Alimwambia mama kwamba hakuna mtu atakayemsemea mafumbo tena akayachukua kama yalivyo. Akazama kwenye vitabu. Wenzake wakicheza mpira yeye alikuwa kivulini nyuma ya maktaba anatafuta sitiari. Alimaliza sekondari mwaka 1967, akaenda chuo cha ualimu, na alipotoka huko alikuwa akimsikia mtu anasema anakufa njaa, anatabasamu na kusema, "Mubaalagha hiyo." Ukimwambia saa zinakimbia, anakwambia umeipa saa miguu, basi ni tashihisi. Kukaa naye mezani ilikuwa kazi.

Aliajiriwa Januari 1971 kufundisha Kiingereza katika sekondari ya kutwa, akabaki hapo hapo mpaka alipostaafu Juni 2009. Darasa lake lilikuwa la mwisho kwenye korido, lenye dirisha lisilofungika na ubao uliopasuka katikati. Wanafunzi walimwita Mwalimu wa Tamathali. Walikuwa wakiingia wakiogopa fasihi ya Kiingereza kama sindano ya hospitali, naye alikuwa akianzia nyumbani kwao.

"Mama yako akikwambia leo utanitambua, kwani ulikuwa humjui?"

"Namjua, Mwalimu."

"Sasa anataka nini?"

"Kunichapa, Mwalimu."

"Umeona? Ulishajua tamathali kabla hujajua kusoma. Na kaka yako anayesema amekufa ameoza kwa binti wa jirani, mbona jioni anaomba sahani ya pili?"

Wakisha kucheka ndipo alipofungua kitabu. Aliwafundisha kwamba Kiingereza nacho kina akina mama na akina kaka wa namna hiyo, wanaosema hivi wakitaka vile. Njia yake ilikuwa na maswali mawili, aliyoyaandika juu ya ubao kila mwanzo wa muhula. La kwanza: jambo hili limetokea kweli? La pili, ambalo halikuruhusiwa kuulizwa kabla ya la kwanza: kama halikutokea, msemaji anataka tuhisi nini? Mwanafunzi aliyerukia la pili alirudishwa kwenye kiti bila huruma. Wako hapa leo wanasheria, wauguzi na mafundi waliopita mikononi mwake, nao watakubali kwamba hawajayasahau maswali yale.

Mwaka 1975 alianza kupita mara kwa mara kwenye kibanda cha binti mmoja fundi cherehani aliyekuwa ng'ambo ya lango la shule. Suruali zake zilianza kupasuka kwa namna isiyoeleweka. Siku moja alijikaza akamwambia yule binti kwamba yeye ni mwezi wake.

"Na mchana nakuwa wapi?" binti akauliza, mguu ungali kwenye pedeli.

Mwalimu akaeleza habari za sitiari. Binti akakata uzi kwa meno. "Kaka, nina nguo za watu hapa. Sema unachotaka."

"Nataka kukuoa."

"Si ungeanzia hapo."

Walioana tarehe 18 Desemba 1976, wakajaliwa watoto watatu. Ilikuwa ndoa ya furaha, hilo tuliseme wazi. Yeye alipamba maneno, mke akayapunguza pindo kama anavyopunguza suruali ndefu, na nyumba ikaenda.

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo mjane ametuagiza tusiliruke, na ambalo Mwalimu alilijutia mpaka mwisho.

Aprili 1997, jioni moja, alikuwa mezani anasahihisha insha, mkewe akiwa kwenye cherehani chumba hicho hicho. Kwa siku kadhaa mkewe huyo, ambaye nyumbani sote tunamwita mama, alikuwa akilalamika kwamba anaona vimulimuli na vijidoa vyeusi vinaelea. Jioni hiyo aliacha kushona, akafumba jicho la kushoto, akalifumbua, akasema, "Baba watoto, jicho la kulia naona kama pazia jeusi linashuka polepole kutoka juu."

Mwalimu akaweka kalamu chini. "Hebu rudia."

Akarudia, neno kwa neno.

"Mke wangu," Mwalimu akasema, na binti yao mkubwa aliyekuwepo anasema baba alikuwa anang'aa kwa furaha, "hiyo ni tashbiha safi kuliko zote nilizosikia mwaka huu. Polepole, kutoka juu! Wanafunzi wangu wanakesha na hawapati kitu kama hicho."

Mama alimtazama, akarudi kwenye cherehani yake. Alifikiri kwamba mtu msomi kama yule, kama kungekuwa na hatari, angeshtuka. Kesho yake Mwalimu aliiandika sentensi ile ubaoni, chini kabisa ya maswali yake mawili, na darasa zima likainakili kama mfano.

Hakuuliza swali la kwanza. Mtu aliyewarudisha vitini watoto wa wenzake kwa miaka ishirini na sita alirukia la pili nyumbani kwake mwenyewe. Tunalisema kwa uchungu kwa sababu yeye mwenyewe alilisema kwa uchungu, kwetu sisi ndugu zake, mara nyingi, isipokuwa kwa yule aliyestahili kuambiwa.

Wiki iliyofuata mama alishona mkono wa gauni kwenye shingo, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu azaliwe. Mteja mwenyewe ndiye aliyemshika mkono akampeleka hospitali. Daktari wa macho alimuuliza ilianzaje, naye akamwambia maneno yale yale ya pazia. Daktari hakuyasifu. Alisimama akauliza, "Lini?" Alipoambiwa, akakaa tena taratibu. Alieleza kwamba utando wa nyuma ya jicho ulikuwa unabanduka, na kwamba karibu kila mgonjwa wa namna hiyo huusema hivyo hivyo, kwa sababu ndivyo anavyoona. Angefika siku ile, pengine wangeliokoa. Walijaribu kumpasua, lakini jicho la kulia halikuona tena.

Mwalimu aliporudi shuleni aliufuta ubao wote. Nyumbani hakutaja tena tamathali hata moja. Watoto wake wanasema wakati wa kula wao waliozoea kumkimbia walianza kutamka mubaalagha kubwa kubwa makusudi ili awasahihishe, naye akainama tu kwenye sahani.

Kila asubuhi kabla ya kazi alikaa kwenye kibanda cha mkewe akatunga nyuzi za kila rangi kwenye sindano, akazichomeka kwenye mto mdogo ili mama asihangaike kutwa. Alifanya hivyo mpaka akastaafu, na alipostaafu akaendelea. Mara moja alijaribu kuomba radhi. Alisema, "Mimi ndiye niliyekuwa kipofu, wala si wewe."

"Hapana," mama akamjibu. "Kipofu wa jicho moja ni mimi. Wewe unaona vizuri tu. Sindano nashukuru, baba watoto. Lakini bado hujaniambia kitu."

Mwalimu akachukua sindano nyingine akaitunga uzi. Sisi tuliomjua tunaamini hakuwa na kiburi. Alikuwa mtu aliyeogopa kwamba sentensi yoyote ikitoka kinywani mwake itatoka imevaa nguo za sherehe, na mama ataiona.

Mwanzoni mwa mwaka 2019 figo zake zilianza kushindwa kazi. Alilazwa mwezi Agosti, wodi ya wanaume, kitanda cha karibu na mlango. Jirani yake alikuwa fundi bomba aliyeanguka kutoka kwenye tangi na kuvunjika mguu, naye yuko nasi hapa na magongo yake. Ni yeye aliyetuletea habari hizi siku ya pili ya msiba.

Anasema kila asubuhi Mwalimu alikuwa akitunga sentensi na kumjaribia.

"Sikiliza hii, fundi. Mke wangu, niliyasifu maneno yako nikaliacha jicho lako. Unaionaje?"

"Nzuri sana. Mpe leo."

"Hapana. Ina mizani mno. Atajua nimeipanga."

Kesho yake akaja na nyingine. "Uliniambia huoni. Sikukupeleka hospitali. Nisamehe."

"Hiyo hiyo, Mwalimu! Usiiguse tena!"

"Imekuwa kavu. Kama maelezo ya polisi."

"Sasa Mwalimu," fundi anasema hapo alimkasirikia kweli, "mimi bomba likivuja naliziba. Silipigi rangi kwanza."

Mama alifika kila alasiri muda wa kuona wagonjwa. Fundi alikohoa ili kumkumbusha mwenzake, akakohoa tena, akakaribia kupasua kifua. Mwalimu akazungumzia mto, joto na uji wa hospitali. Mama akauliza, "Huyu jirani yako hawajampima kifua?" Alipoondoka, Mwalimu akageukia ukutani akasema, "Kesho. Kesho naisema ile kavu." Fundi anasema alimsikia akiirudia taratibu, kama mtoto anayeogopa kusahau aliyotumwa dukani.

Mwalimu alifariki asubuhi ya tarehe 3 Septemba 2019, wauguzi wakibadilishana zamu, saa nyingi kabla ya muda wa kuona wagonjwa. Alikuwa na umri wa miaka sabini.

Fundi alipomaliza kusimulia pale nyumbani, mama alimwomba amtajie sentensi zote, tangu ya mwanzo. Akazitaja alizozikumbuka. Mama alizisikiliza akiwa ameukumbatia mto wa sindano, kisha akasema, "Ningepokea yoyote. Hata ile yenye madoido." Ndipo akalia, na ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba uingie.

Alipotulia aliniita. "Wifi," akasema, "ile kavu uisome mbele ya watu. Alitaka kuisema, basi isemwe." Kwa hiyo, kwa niaba ya kaka yetu, kwa mke wake aliyekaa mbele hapa: Uliniambia huoni. Sikukupeleka hospitali. Nisamehe.

Marehemu ameacha watoto watatu, wajukuu sita, ndugu zake watatu tuliobaki, na wanafunzi ambao hakuna awezaye kuwahesabu. Ameacha pia mjane, ambaye anataka mjue kwamba alishamsamehe zamani sana, mwaka ule ule. Alichokuwa akingoja ni kuombwa.

Mwalimu, umeombewa radhi na umejibiwa. Lala sasa kwa amani.