Fundi Nakala na Picha Zilizopotea

Ndugu, jamaa na marafiki, mimi ni mdogo wake marehemu, tumeachiana ziwa, na kazi ya kumwelezea kaka mbele yenu nimeipokea kwa moyo mzito, kwa sababu mwenyewe aliniagiza kitandani nisimpambe, niseme na lile kosa lake la kazini.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa fundi saa na mshona nguo, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stendi ya mabasi, akaanza shule ya msingi mwaka 1968, akamaliza sekondari mwaka 1979, akasomea ufundi wa umeme, na mwaka 1986 akaajiriwa na hospitali ya mjini, ambako kompyuta zilipoingia alikabidhiwa chumba cha baridi chenye diski zinamotunzwa picha za eksirei za wagonjwa. Mwaka 1989 alifunga ndoa na muuguzi wa wodi ya watoto, shemeji yangu huyu, wakajaliwa mabinti wawili.

Kazini walimwita Fundi Nakala, maana hakuna aliyegusa diski bila kuulizwa kwanza nakala iko wapi, na hata mimi nikinunua simu mpya swali lilikuwa hilo hilo, alitukera kwelikweli. Alifundisha kwamba diski zilizofungwa pamoja hubebana, moja ikifa nyingine zinaziokoa picha, lakini haziwezi kuziokoa na mkono wa fundi mwenyewe.

Mwezi Agosti 2014 alitakiwa kuipunguza safu ya diski, atoe mbili zikatumike kwingine. Miaka yote alikuwa akipanua, na katika kupanua unaongeza diski kwanza, kisha unayatandaza mafaili juu yake, lakini kupunguza ni kinyume, unayakunja mafaili kwanza yaenee kwenye nafasi ndogo, ndipo unakata nafasi ya diski chini yake. Siku hiyo mkono ulikwenda kwa mazoea, akaanza na kukata chini kabla ya kukunja, na nakala hakuchukua, hakuna aliyemharakisha, alijiamini tu. Picha za miaka mingi zikaharibika moja kwa moja.

Hakumsingizia mtu wala umeme, alikwenda nyumba kwa nyumba kuwaambia wagonjwa kwamba ni yeye, na wengi walimwambia yameisha. Mama mmoja muuza vitambaa, ambaye mwanawe alirudiwa vipimo vyote, matibabu yakachelewa na mtoto akafariki, alimsikiliza mpaka mwisho kisha akafunga mlango. Madaktari walisema huenda mtoto asingepona hata hivyo, lakini kaka hakuipokea kamwe hiyo huenda. Alichotaka tangu hapo ni mama huyo amsamehe, akawa anarudi kila mwaka kubisha hodi, na hakufunguliwa.

Mwaka jana alianza kukohoa damu, ikagundulika ni saratani ya mapafu. Siku zake za mwisho, kila hodi ilipopigwa aliuliza ni nani, tukimtajia anageukia ukutani. Alifariki Jumanne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliotushika mkono, na wafanyakazi wenzake, ambao wiki hii wamesimamisha upanuzi wa diski mpaka nakala ifunguliwe na kusomeka. Tunamshukuru pia mama muuza vitambaa, aliyeketi pale karibu na mlango. Ametuomba tusiseme kwamba amesamehe, nasi hatusemi.

Kaka, amekuja. Sasa lala, upumzike kwa amani.